Jina la Kujaribia Sauti

Jua lilikuwa linazama upande wa Buruburu, mwaka wa tisini na tisa, Kasiva alipofunga nusu ya mlango wa duka lake la kuchapa barua pale mtaani Mowlem, akavaa hedifoni zenye mkono wa maikrofoni.

Tumbo lilikuwa la miezi saba. Hiyo ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika mwezi huo huo wa saba, na majirani walikuwa wameanza kuhesabu kwa vidole, utadhani mimba ni ya mtaa mzima.

Mumewe Ndolo, mchonga vinyago, alikuwa Ujerumani. Kasiva alikuwa akirekodi sauti yake kwenye kompyuta na kumtumia, na Ndolo akajibu kwamba haisikiki, ni kama mkewe anaongea kutoka ndani ya mtungi. Mwanamume akiwa nyumbani hasikii hata ukipiga nduru. Akienda mbali ndipo anataka kusikia kila neno.

Basi Kasiva akaanza kutengeneza. Akabonyeza ile picha ndogo ya spika pembeni mwa kioo, akatafuta alama ya maikrofoni, akaipandisha mpaka juu. Akarekodi: moja, mbili, tatu. Akasikiliza.

Mnong'ono.

Akachomoa waya, akaufuta kwa kanga, akausukuma tena kwenye tundu lake mpaka ukalia. Akavuta maikrofoni karibu na midomo.

Mnong'ono ule ule.

Ikabaki sponji, ile kofia nyeusi ya maikrofoni. Alipoiminya aliona imejaa. Akaivua.

Ndani mlikuwa na nywele.

Nywele laini, fupi, za kichwa cha mtoto mchanga. Zilikuwa zimefungwa kwa uzi mwekundu, mafundo saba. Zilinuka maziwa yaliyochacha...

Mwenye akili zake angeita mtu. Kasiva alijiambia kwamba vitu vya mitumba havikosi uchafu, kwa maana hedifoni alizitoa kwa Andati, yule muuza spea kuukuu za kompyuta. Akazitupa nywele kwenye ndoo ya kutupia karatasi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa alitakiwa kusema kitu cha kujaribia sauti. Moja, mbili, tatu zilikuwa zimemchosha. Na kulikuwa na neno moja alilolifungia mdomoni miezi yote hiyo, kwa sababu mama mkwe wake, Wanza, alimkataza: mtoto hatajwi jina akiwa tumboni, kuna wanaosikiliza.

"Muindi," akasema. "Muindi wangu."

Akabonyeza kusikiliza. Sauti yake ikatoka kubwa, safi, hata akatabasamu. Kisha kimya. Kisha... pumzi.

Si yake.

"Muindi," mwanamke mwingine akasema, polepole, kama anayebembeleza. "Muindi wangu."

Mtoto akageuka tumboni, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.

Kasiva akachomoa waya. Sauti haikukoma. Akazima kompyuta. Haikukoma. Alipozivua hedifoni na kuzitupa mezani, bado ilikuwa inabembeleza mle ndani, ndogo, kama mbu.

Wanza, aliyekuwa akipika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, akatoka jikoni nyuma ya duka na mwiko mkononi. Akaitazama meza. Akaitazama ndoo.

"Umesema nini humo?"

"Jina, mama."

"La nani?"

Kasiva akainamisha kichwa. Halikuwa jina la kuokota. Lilikuwa la baba mkwe wake, marehemu.

"La mume wangu," Wanza akamalizia. "Umesoma mpaka Form Four, kufunga mdomo ukashindwa. Hicho chombo hakikuwa kibovu, mwanangu. Kuna mtu alikuwa amekiziba."

Jioni hiyo hiyo walizichoma jikoni, hedifoni na nywele pamoja. Moshi ulinuka maziwa.

Asubuhi Wanza alimfuata Andati. Andati akasema hedifoni aliletewa na mama mmoja wa mtaa wa Lucky Summer, aliyevaa nguo nyeusi. Alimpa bure, akakataa hata chai. Andati alipomuuliza kama ni nzima, alijibu ni nzima, ila mtu asije akaipandisha sauti. Wakamtafuta Lucky Summer siku mbili. Hakuna aliyemjua.

Wanza akakata shauri. Huko kwao, nyumba inayopoteza watoto humwita mtoto Mbiti, yaani fisi. Ameshatolewa kwa fisi, basi anayemtafuta humwona makombo, akapita zake. Na jina la mumewe? Akasema mumewe alishakufa, kunyimwa mjukuu wa jina lake hakutamuuma. Muindi lisitajwe tena, wala Ndolo asiandikiwe jina hilo.

Mtoto alizaliwa Julai, mzima, mnene, mwenye kelele. Mbiti. Mtaa mzima ukamwita Mbiti.

Novemba, saa za magharibi, stima ilipotea. Kasiva aliwasha mshumaa. Wanza alikuwa anachambua maharagwe, na mtoto amelala chali kwenye mkeka, anachezea vidole vyake. Kompyuta ilikuwa imezimika, kioo cheusi.

"Muindi..."

Mara moja tu. Kutoka pale mezani.

Kasiva hakuinua kichwa. Wanza naye aliendelea na maharagwe yake, moja, jingine, jingine. Asiyeitikiwa huchoka.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikaingia chumbani.

Mbiti akaacha vidole vyake. Akageuza kichwa kuelekea mezani, akacheka.