Salamu ya Kaliua

Rafiki yangu Mektilda, fundi cherehani wa Ng'ambo mjini Tabora, alimwekea mama yake kamera ya intaneti yenye spika sebuleni kule Kaliua. Mama aliishi peke yake, na kila asubuhi Mektilda alimsalimu kupitia simu, naye akaitikia mbele ya kamera.

Mwezi uliopita alimfuata ampeleke hospitali Tabora. Walifunga madirisha na mlango, wakapanda treni. Njiani mama akauliza, "Hivi kile kidude bado kinaona?"

Mektilda akafungua simu. Sebule ilikuwa giza tupu, ikisikika saa ya ukutani tu.

"Hebu salimia, nisikie," mama akasema.

"Shikamoo, mama," Mektilda akatamka kwenye simu huku akicheka.

Saa ikaendelea kugonga. Kisha kitanda kikalia chumbani. Kandambili zikaburuzwa sakafuni taratibu, zikasimama karibu kabisa na kamera.

"Marahaba, mwanangu," ikaitikia sauti ya mama yake. "Mbona leo umechelewa?"

Mektilda akageuka. Mama alikuwa pale pale kando yake, ameziba mdomo kwa mikono miwili.