Kidole Pembeni mwa Picha

Jioni ile mgane alikuwa akikipiga picha kigoda cha marehemu mkewe, shemeji yake alipoingia bila hodi.

"Kamera ya dada yangu iko wapi?"

"Hii hapa, shemeji. Niache nimalize filamu. Nusu ya picha ni zake."

"Umeshamla mwenyewe, sasa unang'ang'ania na vitu vyake?"

Tangu msibani wimbo wake ulikuwa huo huo, tena mbele za watu: mchawi, mchawi. Mgane alibonyeza. Krak. Filamu ikagoma kusogea, imekwisha.

"Njoo kesho asubuhi uichukue."

Ilikuwa kamera kuukuu, ya zile zinazogawa nafasi ya picha moja zikatoka mbili, bega kwa bega. Mkewe aliinunua mtumba miaka mingi iliyopita, na karibuni akaipatia filamu mbili zilizopitwa na muda. Kila picha aliyopiga ilikuwa na kidole kimeziba pembe. "Si changu!" alikuwa akikana, na nyumba nzima inacheka. Kisha akafa ghafla mbele ya kioo chake, na mkwaruzo mdogo shingoni. Moyo, daktari alisema. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemwambia mumewe kuwa anataka kujipiga picha kwenye kioo hicho.

Uso huo wa mwisho ndio mgane aliokuwa akiufuata alipoipeleka filamu kwa fundi picha jioni ile ile.

"Bosi, filamu hii imechacha kuliko maziwa," fundi picha alimtania. Chumba cha giza kilinuka siki. Taa nyekundu ikawaka. "Za mama zimefifia. Tuanze na zako."

Karatasi ikaelea kwenye dawa. Kushoto, dirisha alilolipiga picha. Kulia...

Mgongo wake mwenyewe, kamera ikiwa jichoni.

"Nani alikupiga hii?"

"Nilikuwa peke yangu."

Pembeni mwa picha, kidole.

Moyo wa mgane ukayeyuka. "Ni yeye, fundi! Hicho kidole chake! Yumo nyumbani, hajaniacha!"

Fundi hakutania tena. Akatoa karatasi ya pili. Ya tatu. Kila picha ya mgane ilikuwa na mwenzake ambayo hakuipiga. Kwanza mpigaji alisimama mlangoni. Kisha karibu na kitanda. Kisha... vinyweleo vya shingo, na kidole kikikaribia kugusa.

"Bosi," fundi alinong'ona. "Huyu anasogea."

"Nipe za mke wangu."

Fundi akazidisha mwanga. Ukungu. Ukungu tena. Halafu mkewe akaanza kutokea, polepole, ndani ya dawa. Amekaa kwenye kigoda. Kamera ameishika kwa mikono yote miwili, na picha imepigwa kutoka nyuma yake.

Kidole kimemgusa shingo.

Na kwenye kioo, uso alioutamani. Macho yake hayakutazama kamera. Yalitazama juu ya bega, na pale alipopaswa kuonekana mpigaji hapakuwa na kitu.

Kidole hakikuwa chake. Miaka yote alikuwa akiwaambia.

"Kwako filamu imewahi kuisha, ndiyo salama yako," fundi alisema. "Ichome, bosi. Kamera na vyote."

Mgane aliitikia kwa kichwa. Usiku alilala ameegemeza mgongo ukutani, kamera ikiwa tupu mezani.

Krak.

Kimya.

Krak... karibu zaidi na kitanda.

Asubuhi hakuwasha moto. Alifungua droo, akaitoa ile filamu ya pili, akaipachika taratibu. Akafuta lenzi kwa kitambaa safi. Alipomaliza, shemeji alikuwa mlangoni na mdomo wake.

"Leo umeona aibu, mchawi wee?"

"Samahani kwa kukuchelewesha, shemeji." Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ina filamu?"

"Nimekuwekea. Anza popote unapotaka."

Hakushukuru. Alimpa mgongo, akainua kamera kuelekea barabarani, akafumba jicho moja.

Mgane alifunga mlango kabla hajausikia mlio.