Bwana Harusi Asiyeijua Sufuria

— Kizito, hebu niambie tena siku ile ya Sufuria.

— Tena? Si nilikwambia jana?

— Niambie tu. Mimi napenda kusikia.

Dereva akaweka kikombe chini, akapangusa midomo, akaanza. Petronilla alikuwa amesimama nyuma ya meza ya hoteli yake pale Malaba, mkono kiunoni, akimtazama usoni.

— Sufuria ni kidimbwi katikati ya mawe, kule Port Victoria. Asubuhi maji yanafika magoti. Mchana upepo wa ziwa ukivuma, mawimbi yanaruka mawe, maji yanafika shingo. Siku moja wimbi likarudi na wewe. Mimi nikakushika mkono, nikakuvuta. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi.

Neno kwa neno. Jana hivyo hivyo, juzi hivyo hivyo, kama mtoto anayejibu katekisimu. Na kila mara Petronilla alishangaa, maana yeye alikumbuka vingine. Alikumbuka kichwa cha Kizito, kimenyolewa upara, kikizama, na yeye akikikamata kwa sikio mpaka mwenye sikio akapiga mayowe. Lakini tangu wazazi wa Kizito wahamie Jinja ilikuwa imepita miaka kumi na minne, na wanaume tunawajua kwa kujisifu. Acha ajisifu, alijiambia. Amerudi kama alivyoapa.

Alikuwa amekataa wachumba wawili kwa sababu ya kiapo hicho cha kitoto. Ndipo mwezi wa nne mwaka huo wa sitini na sita, lori likasimama mbele ya hoteli, akashuka mtu mrefu akasema: "Petronilla? Mimi Kizito, wa Sufuria." Padri alipotaka cheti cha ubatizo, mtu huyo akakitoa mfukoni. Matangazo ya ndoa yakasomwa Jumapili tatu mfululizo. Sasa ilikuwa Jumatatu, na harusi ni Jumamosi.

— Hata Pasaka nilipita huko, dereva akaongeza. Nikaoga ndani ya Sufuria, nikakuwaza wewe.

Jumanne akafika Mama Wilkister, muuza samaki wa Port Victoria, na gunia lake la omena.

— Mama Wilkister, Sufuria iko aje siku hizi?

— Sufuria gani?

— Ile kidimbwi yetu ya mawe.

— Woi, mtoto wangu! Ziwa lilimeza hiyo wakati wa zile mvua za Uhuru. Hata nyumba yangu iko chini. Samaki wanalala kwa kitanda yangu.

— Pasaka hii mtu hangeweza kuoga hapo?

— Aoge na mamba?

Petronilla akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akaenda jikoni akakaa juu ya debe. 

Mchana alimkuta dereva akiwa ameinamia injini.

— Pasaka, maji ya Sufuria yalifika wapi?

— Magoti. Ilikuwa asubuhi.

— Sufuria iko chini ya ziwa tangu zile mvua za Uhuru. Wewe ni nani?

Spana ikamponyoka.

— Petronilla, sikiza...

— Wewe ni nani!

— Protus.

— Na Kizito?

— Kizito alikuwa taniboi wangu, utingo wa lori hili. Kila safari ni Petronilla hivi, Petronilla vile, Sufuria, Sufuria, mpaka mimi nikakupenda kabla sijakuona. Halafu lori likaanguka karibu na Iganga. Likamlalia. Akafia hospitali ya misheni, Tororo.

— Na cheti chake?

— Alinipa mwenyewe.

— Mtu anakufa, anapeana cheti cha ubatizo cha nini?

Protus alinyanyua uso, na macho yake yalimtisha Petronilla kuliko uongo wenyewe. Hayakuwa ya mwizi aliyekamatwa. Yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

— Jumamosi tunaoana, akasema polepole. Jina limesomwa mara tatu. Hapa Malaba wote wananiita Kizito. Utaambia watu nini?

Petronilla akageuka, akaelekea posta. Nyuma yake aliisikia injini ikiwaka. Lori likamfuata taratibu, halipiti, halisimami, mpaka mlangoni mwa posta. Karani akampigia simu hospitali ya misheni, Tororo.

— Sister, nauliza habari ya marehemu Kizito, yule wa ajali ya lori. Mlimzika wapi?

— Marehemu? Mama, marehemu wako yuko hapa kwa veranda na magongo, anamaliza uji yetu! Kila siku ananiuliza kama dereva wake amerudi kutoka Malaba. Wewe ni nani?

— Mimi... mimi Petronilla.

— Petronilla! Si alikutumia barua na cheti kwa mkono wa huyo dereva, padri asome matangazo yeye akiendelea kupona? Mbona hukujibu?

Petronilla alitazama dirishani. Protus alikuwa ameketi nyuma ya usukani, injini inanguruma, macho mlangoni. Karani akamtoa kwa mlango wa nyuma, na basi la Tororo likamvusha daraja la mpakani akiwa ameinama chini ya kiti kama mkimbizi.

Alimkuta Kizito verandani, amekonda, mguu una plasta hadi pajani. Hakumsalimu.

— Siku ile ya Sufuria, nani alimvuta mwenzake?

Kizito aliona aibu.

— Ni wewe. Kwa sikio. Hii ya kushoto, mpaka leo baridi ikija inauma.

— Na Protus ukamwambia ni wewe uliyenivuta?

— Sasa, Petronilla, taniboi ataambia watu aliokolewa na msichana?

Petronilla akaangua kilio hapo hapo, akamkumbatia, magongo yakaanguka. Alimpenda mjinga huyu. Alimpenda tangu akiwa na upara.

Waliporudi Malaba, padri alisikiliza habari yote amekunja uso, kisha akafungua daftari.

— Aliyetangazwa ni Kizito. Cheti ni cha Kizito. Sioni kizuizi. Jumamosi njooni.

Jumamosi kanisa likajaa. Watu walinong'ona walipomwona bwana harusi mgeni kwenye magongo, wakanyamaza alipopita. Petronilla hakuwa na amani. Tangu Jumanne hakuna aliyemwona Protus, wala lori lake.

Padri alikuwa anafungua kitabu injini iliposikika nje. Ikazimwa. Mlango ukafunguka, na Protus akasimama pale ndani ya suti aliyoshonesha kwa siku hiyo, ua kifuani.

Padri alisita, kisha akasoma.

— Kizito, unakubali kumwoa Petronilla?

— Nakubali, akasema Kizito.

— Nakubali, ikasema sauti mlangoni, kwa wakati ule ule.

Mtoto mmoja akaanza kulia. Petronilla hakugeuza kichwa. Aliushika mkono wa Kizito kwa nguvu zake zote.

— Padri, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, uliza tena. Unamwuliza huyu niliyemshika.

Padri akauliza tena. Kanisa zima likangoja, na safari hii ikajibu sauti moja tu, ya mwenye magongo.