Samaki Waliokwama Ukutani

Watu walimwita Mama Karai kwa sababu aliishi kwa karai lake la kukaangia samaki wa kuuza. Mumewe, Bwana Nyanya, alikuwa na bustani ya nyanya kando ya mto. Alilima mpaka ukingoni kabisa, akang'oa matete yote. Ardhi ya bure, nani aiache? Kisha akajenga ukuta wa mawe na magunia ya mchanga kukatisha mto, apate maji ya kumwagilia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, samaki walijaa chini ya ukuta. Wanene, wenye mayai tele. Bwana Nyanya aliwachota kwa kikapu.

"Mke wangu, lete ndoo nyingine," alisema akicheka. "Mwenye bahati habahatishi."

Mwaka uliofuata walipata ndoo moja tu. Mwaka wa tatu, kikapu kilitoka na tope. Karai likakauka, na watoto wakaanza kulala na uji mtupu.

Siku moja afisa uvuvi alipita kukagua mto. Mama Karai alimwita.

"Dada, hebu tuambie, samaki wamekwenda wapi?"

Afisa aliutazama ukuta. "Samaki hawa huishi mto wa chini. Mvua zikianza, hupanda juu kutaga mayai. Walifika hapa wakakwama."

"Kumbe hawakuja kwetu," Mama Karai alisema polepole.

"Walikuwa wapita njia. Na kila jike mliyemla alikuwa na maelfu tumboni."

Bwana Nyanya alikuna kichwa. "Na hili tope?"

"La shamba lako, kaka. Matete ndiyo yaliyoshika udongo. Sasa mvua inaubeba, unafunika hata mayai machache yaliyobaki."

"Nikajiona mjanja," alisema Bwana Nyanya. Aliona uchungu hasa.

Walibomoa ukuta. Waliacha kulima ukingoni, wakapanda matete. Nyanya zikapungua, na Bwana Nyanya akawa anamwagilia kwa ndoo, mgongo ukimuuma.

Baada ya misimu kadhaa, samaki wadogo walianza kupanda tena. Msimu wa kutaga hakuna aliyewagusa. Ulipokwisha, Mama Karai alinunua wachache kwa wavuvi wa mto wa chini, akawasha moto.

"Afadhali umerudi," alisema mteja wake wa siku nyingi. "Ila wale wanene watakuja lini?"

Mama Karai aligeuza samaki kwenye mafuta.

"Hao hawajaonekana tena, ndugu yangu. Nadhani wa mwisho nilikukaangia wewe."