Bei ya Mwisho

"Hodi hapa!"

Mama Vifungo alisimamisha cherehani. Mlangoni palikuwa na mwanamume asiyemfahamu, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa lori. Nimesikia unauza ile nyumba ya vyumba viwili hapo nyuma. Natafuta ya kupangisha. Nitakupa milioni kumi na mbili."

Nyumba ile Mama Vifungo aliachiwa na marehemu mumewe. Alitaka milioni ishirini. Ikiuzwa chini ya kumi na sita, masomo ya uuguzi ya binti yake yangekatika.

"Kumi na mbili? Hiyo bei ya banda la kuku! Umekuja kununua au kunitukana?"

"Basi, usikasirike. Bei yako ya mwisho ngapi?"

Mama Vifungo alifungua kinywa. "Kumi na sita" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Wifi! Limeze hilo neno!"

Alikuwa dada wa marehemu, mpima viwanja, aliyekuja kupunguziwa suruali ya kazi. Alisogea polepole, pini zisimchome.

"Kaka, kumi na mbili umeipataje?"

Dereva alikunjua karatasi. "Bati zinavuja. Ukuta wa nyuma una ufa. Kodi anayolipa mpangaji aliyemo ni ndogo. Na hii ni akiba ya miaka kumi na minane barabarani. Nikikosea, sina nyingine."

"Asante. Utajibiwa Alhamisi," wifi alisema.

Dereva alipoondoka, wifi alicheka. "Hajakutukana. Ofa ndogo ni hodi tu. Mtu akibisha hodi, humfungii mlango usoni. Lakini pia humpeleki moja kwa moja chumba cha kulala!"

"Na asiporudi?"

"Atakuja mwingine. Wewe ulizia nyumba kama yako ziliuzwa ngapi. Mwite fundi aseme gharama ya bati na ufa. Bei yako ya chini kabisa ibaki moyoni."

"Na anayenunua afanyeje?"

"Aanze chini, lakini kwa sababu, si kwa dharau. Na akague hati ofisi ya ardhi kabla ya kulipa."

Kwa siku tatu Mama Vifungo aliulizia. Mtaa wa pili, nyumba mbili kama yake ziliuzwa milioni kumi na nane kila moja. Fundi alisema matengenezo ni milioni moja.

Alhamisi dereva alirudi.

"Kumi na saba na nusu," alisema Mama Vifungo, akamwonyesha hesabu ya fundi.

"Kumi na tano."

Mguu wa Mama Vifungo ulikanyaga cherehani isiyo na kitambaa.

"Haya," dereva alisema. "Kumi na sita mpangaji akibaki. Kumi na saba ukinipa nyumba tupu mwisho wa mwezi."

Milioni nzima! Lakini mpangaji, mama mwoka mikate, alishaahidiwa: hahami mpaka mwanawe amalize mtihani. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Lilikuwa neno la mlangoni tu.

Mama Vifungo alisimamisha mguu. "Kumi na sita. Abaki mpaka mtihani uishe. Na liandikwe kwenye mkataba."

Dereva alikubali, wakapeana mikono.

Mara mwoka mikate akaingia mbio, unga mikononi, shati la shule kwapani. "Nasikia nyumba imeuzwa! Nianze kufunga mizigo?"

Mama Vifungo alilichukua lile shati, akatafuta sindano.

"Mizigo ya nini? Ngoja nikaze hiki kifungo. Mtoto anachelewa shule."