Kemuma Alizaa Watano

Ndugu zangu wa Gesima, nanyi wazazi wenzangu mlioko mbali, haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu katika boma nililoolewa. Sikuyasikia kwa majirani. Najua wapo watakaosema ninaianika familia ya mume wangu. Na waseme. Nimeomba ruhusa kwa mume wangu, Ratemo, na hata kwa shemeji yangu Manasseh, ambaye yanamgusa kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye aliniambia, "Andika, Nyaboke. Wala usinifiche."

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1974. Mvua ilikuwa imenyesha, kisha jua likatoka, na majani ya chai yakawa yanang'aa mteremko mzima. Siku hiyo hatukuwa na mchumo. Mimi nilikuwa namenya ndizi za mchana, na mama mkwe wangu, Kemuma, alikuwa ameketi uani akipepeta wimbi. Umri wake ulikuwa umepita sabini, lakini macho yake yalikuwa mazima na akili yake haikupotewa na kitu. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani polepole, na wanangu walikuwa wakimdhihaki kwa sababu alirudia ubeti mmoja tu.

Ndipo tukasikia pikipiki ya Manasseh ikipanda kilima.

Manasseh ndiye kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa mkaguzi wa vyama vya ushirika, akiishi mjini Kisii, na kazi yake ilimpeleka huku na huku. Alikuwa mtu mwema. Nataka mlijue hilo tangu sasa, maana mkidhani nasimulia habari za mtu mbaya, hadithi hii haitawafaa. Alimjengea mama yake nyumba ya mabati, na sukari haikukosekana mezani pake. Siku hiyo alikuja na kaunta buku mpya na kalamu mbili.

"Mama," alisema, "mwezi wa Desemba tutakutana watu wote wa marehemu baba. Wa Sironga, wa Borabu, wa Nairobi, wote. Nataka tuwe na kitabu cha historia ya familia. Nitakipigisha chapa, kila mtu aende na nakala yake nyumbani. Leo wewe unasema, mimi naandika."

Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akifurahi vile. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaanza. Alieleza marehemu mzee Nyamweya alitoka wapi, alivyofyeka msitu mahali tulipo sasa, alivyobatizwa na kuwa mzee wa kanisa la Sabato. Manasseh aliandika kurasa sita bila kuinua kichwa. Kisha akauliza, kama mtu anayemalizia jambo dogo, "Watoto tuandike wanne. Mimi, Ratemo, na dada zetu wawili."

"Watano," alisema mama.

Kalamu ilisimama.

"Mama, wanne."

"Niliwazaa mimi, Manasseh. Watano. Wa kwanza ni Nyanchera. Alikubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea. Usiniambie umesahau."

Manasseh alinitazama, kisha akamtazama mama yake. Alifunga daftari. "Baba alisema jina hilo lisitajwe hapa nyumbani."

"Baba yako amekufa miaka kumi na mitatu iliyopita."

"Kitabu hiki kitasomwa na mchungaji, mama. Kitasomwa na wakubwa wangu wa kazi. Hayo mambo ya zamani tutayafungulia nini?"

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Nasikia anaishi upande wa Marani. Wewe kila Jumanne uko Marani. Muulizie tu. Nataka aitwe kwenye huo mkutano. Nimwone kabla sijafa."

"Nitaangalia, mama," alisema Manasseh. "Tumalize sherehe kwanza." Akapanda pikipiki, akaenda, na ndizi zangu hakuzila.

Msomaji wangu, "nitaangalia" ni neno jepesi sana mdomoni. Mimi mwenyewe nilikuwa na langu.

Wiki hiyo hiyo mama alinifuata chaini. Tulichuma safu mbili zilizopakana, na huku anachuma akanieleza. Mwaka 1939 Nyanchera alipata mimba akiwa nyumbani kwa baba yake. Alikuwa na miaka kumi na minane. Nyamweya, mzee wa kanisa, aliona aibu mbele ya waumini. Alimtoa mwanawe nje pamoja na nguo zake, akamwambia akirudi atamlaani. Msichana alikimbilia kwa shangazi yake. Shangazi akafa, na toka hapo habari zake zikakatika. Mama aliambiwa na mwanamke mmoja mgeni, mpita njia sokoni, kwamba Nyanchera aliolewa karibu na Marani, na huyo mwanamke alimtajia mpaka jina la mume.

"Wewe unajua kuandika, Nyaboke," aliniambia. "Niandikie haya. Yeye asipotaka, wewe niandikie."

Nilimjibu, "Mama, ngoja niwahishe chai kwenye mizani kwanza." Nilimwogopa shemeji yangu. Nilisema nisionekane naingilia mambo ya watu walionioa. Basi sikuandika. Hata jina la mume wa Nyanchera alilonitajia siku ile liliingia sikio moja likatokea jingine.

Miezi ikapita katika matayarisho. Nyumba zilipakwa rangi. Kamati iliundwa, na kamati ikaunda kamati nyingine. Fahali alichaguliwa. Manasseh alikuja karibu kila Jumapili kukagua choo kipya na mahali pa kuweka viti, na kila alipokuja mama alimwita, "Manasseh, njoo ukae nikwambie." Naye alijibu, "Nakuja, mama," huku anapima uwanja kwa hatua.

Mwezi wa Oktoba alileta nakala za kwanza za kitabu, zinanuka wino. Mama hakujua kusoma. Alichukua nakala yake, akaja nayo jikoni kwangu.

"Nisomee."

Nilisoma habari za msitu, za ubatizo, za mti wa kwanza wa chai. Nilipoufikia mstari wa watoto nilitamani kuuruka, lakini alikuwa akinitazama mdomoni. Nikasoma: "Mzee Nyamweya na mkewe Kemuma walijaliwa watoto wanne."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kumbe mmeshamzika," alisema. Alinyoosha mkono, akachukua kitabu, akakiweka juu ya kuni zangu na kutoka nje. Sikukichoma. Nilikirudisha nyumbani kwake, lakini hakukigusa tena.

Wiki ya kwanza ya Novemba, mama alianguka uani mchana kweupe. Tulimpeleka hospitali. Alirudi baada ya siku tisa, upande wa kulia umekufa na mdomo umekwenda kando. Maneno yalikuwa yamekwisha. Alitoa sauti tu, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya mto.

Watu walikuja kumwona. Kila aliyeingia, mama aliinua mkono wa kushoto na kutanua vidole vyote vitano. Wageni wakadhani anawapungia. Manasseh mwenyewe alisimama kando ya kitanda akisema, "Mama anawasalimu." Nayo machozi yalikuwa yakimtoka mama, akikunja vidole na kuvitanua tena, akikunja na kuvitanua.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata shemeji nje.

"Hasalimu mtu," nilimwambia. "Anahesabu watoto wake. Anakuambia ni watano."

Alisimama pale alipokuwa. Halafu akaketi juu ya zile mbao zilizoletwa za jukwaa la sherehe, akaficha uso kwa mikono yake, mtu mzima mwenye mvi. Alipoinuka aliingia ndani, akapiga magoti.

"Mama, nitamtafuta. Niambie tu ameolewa kwa nani."

Mama alijaribu. Ndugu zangu, yule mwanamke alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Sauti ilitoka, lakini jina halikutoka.

"Nyaboke, wewe alikwambia?"

"Aliniambia," nilijibu. "Sikulishika."

Manasseh alienda Marani Jumanne ile na Jumanne nyingine mbili zilizofuata. Aliuliza sokoni, akauliza makanisani. Lakini utamuuliziaje mtu aliyeolewa miaka thelathini na zaidi, ambaye hujui jina la mumewe wala kijiji chake? Huko mwanamke huitwa mama wa fulani. Jina la Nyanchera wanalo wengi. Alipelekwa kwa watatu, na wote hawakuwa yeye.

Kemuma alifariki tarehe kumi Desemba, alfajiri, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Manasseh alikwenda mwenyewe kupeleka tangazo la kifo kwenye redio. Alirudi akatupa karatasi tuisome. Lilianza hivi: "Kifo cha Mama Kemuma wa Gesima, mama yake Nyanchera, Manasseh, Ratemo…" Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jina lile kuandikwa na mtu wa boma letu. Mume wangu alilisoma, akatikisa kichwa. "Ungalilitaja mwezi wa Mei," alisema.

Tulimzika Jumatatu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na wanaume walikuwa wanasafisha majembe, tulipoona watu wakipanda kilima kwa miguu. Mbele alikuwa mwanamke mnene kiasi, kitambaa cheupe kichwani, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya matope. Nyuma yake mwanamume mzee na vijana sita. Alisimama kwenye lango wala hakuingia.

"Naweza kuingia?" aliuliza. "Baba alisema nisiingie."

Wifi zangu, ambao hawakuwahi kumwona, walikimbia kumpokea. Hakuhitaji kujitambulisha. Alikuwa Kemuma mtupu, hata kutembea.

Alikwenda moja kwa moja kaburini. Alipoona limefunikwa aligeuka, akasema kwa utulivu, "Tulisikia redio jana jioni. Daraja lilikuwa na maji, tukazunguka. Nilikuwa nataka nimwone uso tu."

Manasseh alimkaribia. "Dada, nilikutafuta Jumanne tatu."

Nyanchera alimtazama. "Manasseh," alisema, "mimi nauza ndizi kando ya ofisi ya ushirika. Umenunua kwangu miaka minne bila kunitazama usoni."



"Kwa nini hukuniambia wewe ni nani?"

"Nilikuuliza kila ulipokuja. Nilikuuliza, 'Mama yako hajambo?' Ukasema hajambo, ukaondoka. Mara moja nilikuuliza mko wangapi kwenu, ukaniambia wanne. Nikajua mmekubaliana. Nikanyamaza."

"Na wiki hizi nilipouliza watu…"

"Wiki hizi sikuwa sokoni. Mguu ulikuwa umevimba."

Manasseh alianguka miguuni pake, mbele ya mchungaji na wakubwa wake wa kazi wote aliokuwa akiwaogopa. Nyanchera hakumwinua upesi, nami simlaumu. Mumewe, mzee Ombui, ndiye aliyesema mwishowe, "Inuka, shemeji. Mama mnayemlilia hayupo tena. Nyinyi mliobaki mjuane."

Mkutano wa Desemba tulikuwa nao, tarehe ishirini na tisa, bila jukwaa na bila fahali. Manasseh alikaa mezani na zile nakala mia mbili, akafuta neno "wanne" kwa kalamu katika kila moja, akaandika "watano" juu yake. Ilimchukua siku mbili. Lakini kulikuwa na mengi ambayo kalamu haikuweza kurekebisha. Wajukuu wa Marani waliuliza bibi yao Kemuma alizaliwa ukoo gani, mama yake aliitwa nani, alifikaje Gesima. Tulitazamana. Yule aliyekuwa akijua alitusihi tumsikilize tangu Mei hadi Novemba. Ile kaunta buku ninayo hapa nyumbani. Ina kurasa sita za maandishi, na zilizobaki ni nyeupe.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, na vijana mnaopanga mikutano ya familia, msidhani mkutano ni viti na nyama. Sisi tulikuwa na miezi saba. Tulipata nafasi ya kupaka rangi nyumba, na hatukupata nafasi ya kukaa na mwenye nyumba.

Mzee anapokuita ukae akwambie, kaa. Sauti ya mtu inaweza kuondoka yeye mwenyewe akiwa bado anakutazama. Wala usimwachie ndugu yako mwenye cheo kazi ya kusikiliza. Mimi nilikuwa naye kila siku, mkono kwa mkono kwenye chai, na hatia yangu si ndogo kuliko ya Manasseh.

Tena, usichague ukweli unaopendeza wageni. Aibu ya Nyanchera ilikuwa ya siku chache. Aibu ya kumficha tutaibeba maisha yetu yote, maana ilimnyima mama mwanawe na mwana mama yake, wakiwa wameachana mwendo wa asubuhi moja tu. Kama mama yako yu hai, nenda leo na daftari. Muulize aliwazaa wangapi na wako wapi. Akikutajia jina ambalo nyumbani kwenu halitajwi, hilo ndilo uliandike la kwanza, kisha vaa viatu uende ukamlete mwenyewe.