Misri ya Bibi Teodora

Tangu akiwa mdogo, Odeta alifundishwa na bibi yake asichote maji ziwani kabla ya kuyapiga kwa mti mrefu na kusikiliza. Mamba wa ufuko ule, chini ya vilima vya Kiseke, hawakuwa na mzaha. Kwa hiyo kila asubuhi msichana huyu wa miaka kumi na miwili alishuka na mtungi wake, akapiga maji, akasikiliza, ndipo akachota.

Ilikuwa zama za Waingereza, mwaka ambao nzige walipita wakaacha mashamba kama yamechomwa moto. Mama yake Odeta alikuwa amefariki. Baba yake, Josephat, alifanya kazi katika kinu cha pamba mjini Mwanza, akirudi nyumbani Jumamosi. Siku nyingine zote Odeta aliishi na bibi yake, Teodora, ambaye watu wote walimwita mwalimu ingawa hakuwa na darasa. Asubuhi, akipepeta mtama kibarazani, watoto wa jirani walimzunguka, naye akawafundisha Maandiko kwa kichwa, neno kwa neno, mpaka wayaseme wenyewe.

Asubuhi moja Odeta alikuta mtu amesimama juu ya jiwe, karibu na mafunjo. Alikuwa amevaa kanzu safi, na mkononi ameshika fimbo. Hakuwa na ndoo wala wavu.

"Shikamoo," alisema Odeta.

"Marahaba, binti. Ndiwe unayeishi na yule kikongwe mwenye kovu shingoni?"

Odeta alishtuka. Bibi yake hakuacha kujifunga kitambaa shingoni hata siku za joto kali. Kovu lile Odeta alidhani analijua yeye peke yake.

"Bibi yangu anaitwa Teodora," alijibu.

Mtu yule akacheka bila kuonyesha meno. "Teodora! Ndivyo anavyojiita siku hizi?" Akashuka, akamtilia kiganjani ushanga mwekundu. "Usimwambie kwamba umeniona. Neno hili liwe letu sisi wawili."

Odeta aliuficha ushanga kwenye pindo la nguo yake. Aliporudi, bibi alikuwa akiwasimulia watoto jinsi Waisraeli walivyotumikishwa Misri kwa kufinyanga matofali. Odeta akashindwa kujizuia.

"Bibi, kovu lako la shingoni limetokana na nini?"

Ungo ukamponyoka bibi, mtama ukamwagika chini. "Nani amekuuliza habari hizo?"

"Hakuna mtu, bibi."

Bibi aliinama akauokota ungo. Kisha akawaambia watoto waende kwao. Kesho yake walipokuja akawarudisha tena, na siku iliyofuata hawakuja. Kibaraza kikawa kimya. Bibi akaanza kufunga mlango kwa komeo hata kabla jua halijazama, na kila alipopita nje, macho yake yalikwenda ziwani. Mbwa wa jirani naye akawa anayabwekea mafunjo ambamo hakuonekana mtu. Odeta alisikia ulimi wake ukiwa mzito. Mara nyingi alitaka kusema, na kila mara aliuona ushanga ule moyoni mwake, akanyamaza.

Mtu yule alirudi. Safari hii alijitaja kwa jina: Ndalahwa, kutoka Busisi, ng'ambo ya maji.

"Sasa nisikilize vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Bibi yako ni mtumwa wa baba yangu. Alitoroka kwetu akiwa kigoli. Mali ya baba ni mali ya mtoto. Jumapili nitasimama mlangoni pa kanisa lenu niliseme jambo hili mbele ya watu wote. Nani atakayempeleka mtoto wake akafundishwe na mtumwa? Na baba yako huko mjini ataitwaje? Lakini wewe ukija ukanilimia msimu mmoja tu, mimi nitanyamaza."

Siku ile Odeta hakula. Asubuhi alichukua mtungi kama kawaida, lakini moyoni alikuwa amekata shauri kwenda na Ndalahwa.

"Mbona uso wako umesawijika hivyo?" aliuliza bibi.

"Sijambo, bibi," alisema Odeta, akaondoka bila kumtazama.

Mtumbwi ulikuwa umefichwa kwenye mafunjo. Ndani yake aliketi msichana wa rika lake, amejifunga kipande cha gunia, viganja vyake vimechubuka. Ndalahwa alipoinama kufungua kamba, Odeta alimnong'oneza yule msichana, "Waitwa nani?"

"Getruda." Msichana alitazama kwanza mgongo wa Ndalahwa. "Na mimi aliniambia msimu mmoja. Kwetu ni Usagara. Nzige wamepita, wakarudi tena, nami bado niko kwake. Usipande."

Odeta alirudi nyuma hatua moja. Mkono mzito ukamshika begani.

"Panda!"

"Bibi!" Odeta alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Bibi, nakufa!"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi wakaja mbio. Nyuma yao alikuja Teodora, amekimbia mpaka kitambaa kimemdondoka njiani. Shingo yake ilikuwa wazi, na kovu likaonekana, pana, limezunguka kama pete.

Ndalahwa hakukimbia. Alimwachia Odeta, akainua fimbo. "Afadhali mmekusanyika! Mtazameni mwalimu wenu. Mwanamke huyu ni mtumwa wetu!"

Wanawake wakatazamana. Odeta alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni kweli," alisema Teodora.  "Nilitiwa kongwa shingoni nikiwa mdogo kuliko mjukuu wangu huyu. Nililala nimefungwa na wenzangu, na wengine waliamka wamekufa. Nilitoroka kwa mtumbwi uliovuja, watu wa misheni wakanipokea. Mungu aliyewatoa Waisraeli Misri ndiye aliyenitoa Busisi. Nami naona aibu, si kwa kuwa nilikuwa mtumwa, bali kwa kuwa niliona haya kulisema jambo hili. Sasa mwacheni mtoto huyo ashuke."

Akaingia majini mpaka magotini, akamnyoshea Getruda mkono. Kwa kitambo hakuna aliyesogea. Kisha Mhoja, muuza samaki mwenye mikono kama ya mwanamume, aliingia majini naye akaikamata kamba ya mtumbwi. Wengine wakamfuata.

Kelele zilimleta mwanangwa Chenge, mkuu wa kijiji. Alisikiliza pande zote mbili.

"Ndalahwa," alisema, "sheria ilikwisha kufuta utumwa katika nchi hii nzima. Hapa hakuna mtumwa wala bwana wa watumwa. Yaliyobaki utayasema bomani."

Vijana wakamchukua. Chenge akatuma mjumbe Usagara, na mama yake Getruda alikuja mbio, akamkumbatia mwanawe.

Jumamosi Josephat aliporudi, Odeta aliuweka ushanga mbele ya baba na bibi yake. "Niliwadanganya," alisema huku analia. "Nilidhani nikinyamaza nitamwokoa bibi."

Josephat alitaka kukaripia, lakini Teodora, mama yake, alimzuia.

"Mwache. Mimi ndiye niliyetangulia kuficha, hata wewe mwanangu sikukwambia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua." Akamgeukia Odeta. "Mtu yule hakuwa na nguvu ila zile tulizompa kwa kunyamaza kwetu. Mtu yeyote akikwambia usimwambie mzazi wako, mwambie mzazi wako siku hiyo hiyo."

Watoto wengine hawakuletwa tena kibarazani, kwa kuwa mama zao waliona aibu. Wa Mhoja walikuja, na wengine wachache. Bibi Teodora alikaa mbele yao bila kitambaa shingoni.

"Nilikuwa nawafundisha habari za Misri kana kwamba ni mbali sana," aliwaambia. "Maandiko yanatuagiza tukumbuke kwamba tulikuwa watumwa, tukawaambie watoto wetu. Kumshukuru Mungu kwa uhuru si kuimba tu. Ni kusema alikotutoa, na kumnyoshea mkono yule ambaye bado hajatoka. Haya, sikilizeni. Mimi nilizaliwa kijiji kimoja chenye visima viwili, na mama yangu aliitwa Kashindye."